Dumu la Siku Nzima

Kaka yangu na mke wake wanaitana fundi. Mume akiita "fundi," mke anaitika. Mke akiita "fundi," mume anaitika. Mteja aliyesimama mlangoni na kitambaa chake mkononi hubaki anageuza shingo huku na huku, hajui amkabidhi nani. Mimi ndiye humwambia, "Lete hapa, hao waache." Kazi yangu dukani ni vifungo, pindo na midomo ya wateja. Kaka anakata, wifi anashona, mimi namalizia na kugombana.

Kugombana ndiko hasa ninakokuweza. Wifi husema nilizaliwa nimekunja uso. Lakini hata mimi, mwenye macho ya kutafuta kasoro, sijawahi kuwaona hao wawili wakitegeana kazi. Wifi akiumwa kichwa, kaka anahamia kwenye cherehani na kuendeleza mshono pale pale ulipoachwa. Kaka akichoka, wifi anachukua mkasi na kufuata mstari wa chaki. Mteja anavaa koti lake, anajigeuza mbele ya kioo, na hajui kwamba mkono wa kushoto umeshonwa na mume na wa kulia na mke. Hawaombani wala hawaagizani. Mmoja anainuka, mwingine anakaa. Hivyo ndivyo walivyoishi tangu walipooana, na ndiyo sababu yakatokea yaliyotokea.

Kaka alipatwa na saratani ya koo. Ilianza kwa sauti kukwaruza, na sisi tukaifanyia mzaha, tukimwambia anatafuta kazi ya utangazaji redioni. Siku tuliyoambiwa ni nini sitaki kuieleza. Nitasema tu kwamba wifi alirudi dukani akazipiga pasi nguo zote zilizokuwa zimetundikwa, hata zile zilizokwisha kupigwa. Baadaye matibabu yakaanza. Dripu ya dawa kali, kaka amekaa kitini tangu asubuhi mpaka jua linaelekea kuzama, kisha mapumziko ya wiki kadhaa, kisha tena. Uvimbe ukaanza kunywea. Daktari akafurahi, na sisi tukafurahi kupita kiasi.

Halafu chakula kikaanza kumkataa. Njaa alikuwa nayo, ila kila alichotia mdomoni kilikuwa na ladha ya chuma.

"Fundi," alimwambia mkewe kwa upole, "mchuzi ni mzuri. Ila nahisi kama nimebana pini mdomoni."

Na fundi nguo akisema hivyo anajua anachokisema, maana nusu ya maisha yake ameishi na pini midomoni. Wifi akabadilisha sufuria. Akabadilisha chumvi. Mwisho akaninunia mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyezitia hizo pini jikoni.

Baada ya ladha vikafuata vidole. Tulikuwa na kazi ya sare za walinzi, kitambaa kizito cha buluu kinachokataa kukunjika. Kaka alikitandaza mezani, akachora kwa chaki, akashika mkasi. Mimi nilikuwa natia uzi kwenye sindano, nimekodoa macho, ndipo nikaona ncha ya mkasi inatetemeka juu ya mstari. Akauweka chini. Akavikunja vidole na kuvikunjua, akaushika tena. Mkasi ukala nje ya chaki na kola ikaharibika.

Wifi alisimamisha cherehani, akaja mezani, akautoa mkasi mkononi mwa mumewe taratibu na kuendelea kukata. Kaka akaenda kukaa kwenye cherehani. Tangu siku hiyo wifi ndiye akawa anakata, na mteja akiuliza, kaka alijibu kwamba mke wake siku hizi anajifunza. Na kwa kuwa tunaishi pamoja nyuma ya duka, niliona pia anavyoamka asubuhi akichechemea, misuli ya miguu imemkaza usiku kucha. Nikimwuliza, ananiambia amelala vibaya.

Daktari wake alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya kubembeleza na saa kubwa ya kiume mkononi. Tulipokwenda kabla ya dripu iliyofuata, alikuwa na majibu ya damu mbele yake na hakuyapenda.

"Madini yamepungua mwilini," alimwambia kaka. "Magnesiamu iko chini sana. Zinki nayo imeshuka, na huenda ndiyo inayokuharibia ladha ya chakula. Vidole vinatetemeka? Miguu inakaza?"

"Hapana, daktari," alisema kaka. "Niko sawa kabisa."

Nilimgeukia wifi. Wifi alikuwa anaangalia sakafu.

Daktari akaeleza, na kwa kuwa alieleza vizuri nami nikaelewa. Alisema figo hazitoi uchafu tu. Zinachuja damu, na vile ambavyo mwili bado unavihitaji zinavirudisha ndani. Dawa ya kaka inapita humo humo kwenye figo, na ikipita inaumiza ile sehemu inayorudisha. Matokeo yake madini yanatoka na mkojo, yanapotea chooni.

"Yaani kama mfuko wa suruali uliotoboka," alisema kaka. "Unatia, lakini haujai."

"Hivyo hivyo," alisema daktari na kucheka. "Sasa nataka nijue umetoboka kiasi gani, na figo zenyewe zimebaki na nguvu kiasi gani."

Akatoa dumu la plastiki, kubwa, lenye kifuniko chekundu na jina la kaka ubavuni. Akamwagiza kwamba asubuhi akiamka, mkojo wa kwanza aumwage. Baada ya huo kila tone liingie humo, mchana na usiku, mpaka ule wa kuamkia siku ya pili.

"Figo zikiwa na nguvu, tunaendelea na dawa," alisema. "Zikiwa zimechoka, siwezi kukupa tena. Nitaziua kabisa."

Mimi nilisikia hilo la kuziua. Wifi hakulisikia. Yeye alisikia "siwezi kukupa tena," na uso wake ukabadilika hapo hapo, maana dawa ile ndiyo iliyokuwa inaupunguza uvimbe, na kwake yeye dawa ile ilikuwa ndiyo mume wake.

Dumu likawekwa bafuni ndani ya beseni la maji baridi, limefunikwa kwa kitambaa cha maua. Wifi alisema hata kama ni mkojo, ni wa mume wake, haukai uchi. Kila kaka alipotoka bafuni tulimtolea macho kama mtoto anayefundishwa kukaa kwenye poti.

"Vipi?" tuliuliza.

"Vipi nini? Hamna kazi nyinyi?"

Lakini siku ile ilikuwa mbaya kwake. Alitapika tangu alfajiri, na maji aliyokunywa hayakukaa tumboni. Mchana nilipita bafuni nikamkuta wifi amepiga magoti, tepu ya kupimia nguo mkononi, anapima dumu kutoka chini mpaka pale mkojo ulipofikia.

"Wifi, unalishonea gauni?"

"Ni kidogo," alisema. Hakucheka.

"Hicho kidogo ndicho alichonacho."

"Wakiona hivi watasema figo zimekwisha."

"Si ndicho wanachotaka kukijua?"

Akaikunja tepu polepole kwenye kidole chake. "Wewe nenda kashone vifungo vyako."

Nikaenda, nimenuna mpaka jioni. Asubuhi ya pili nikakuta dumu limepanda karibu na shingo, na kwa kweli nilifurahi. Nilidhani maji hatimaye yamekubali kukaa. Kaka alilinyanyua mwenyewe, akaliangalia kwa kitambo kwenye mwanga wa dirisha, akalitia kwenye mfuko mweusi.

Tulirudi hospitalini siku ya dripu. Daktari alisoma majibu, akayasoma tena, kisha akavua miwani.

"Sikutegemea," alisema. "Damu ilikuwa inanitia wasiwasi, lakini mkojo wa siku nzima unasema figo zako ni imara kama za kijana. Na mimi huu wa siku nzima ndio ninaouamini zaidi. Basi tunaendelea leo, kiwango kile kile, na madini tutakuongezea."

Kaka akasema asante, daktari. Mimi nikasema asante mara mbili. Wifi hakusema kitu, na wifi si mtu wa kukosa kitu cha kusema.

Nesi alimchukua kaka kwenda chumba cha dripu. Nilipotaka kuwafuata, wifi akanishika mkono na kunivuta kando ya benchi la wagonjwa wa nje.

"Si wake peke yake," alisema.

"Nini?"

"Ule mkojo."

Sikuelewa haraka. "Ulitia maji?"

"Wangegundua maji. Kwani mimi mjinga?"

"Sasa ulitia nini?"

Akaniangalia tu. Polepole nikaelewa, na nilipoelewa nilimwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi alihamisha fimbo yake akakaa mbali nasi. Nilimwuliza wifi kama ana akili, kama aliwahi kuwa nazo, na kama anajua kwamba mtu anaweza kufa kwa upumbavu wa mwingine.

"Nilimsaidia tu," alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Alikuwa amechoka, wifi. Akichoka mimi namalizia. Miaka yote namalizia. Nilimwona anatoka bafuni ameshika ukuta, nikaingia mimi, na dumu lilikuwa pale. Sikufikiria kwamba ni kosa. Nilifikiria ni zamu yangu."

Hasira ikanitoka yote. Nilimpenda sana wakati ule, na sikujua la kumfanya. Na nitasema ukweli: kwa muda kidogo na mimi nilitamani tunyamaze. Nilikuwa nimeugusa ule uvimbe shingoni mwa kaka ulipokuwa mkubwa, na nilikuwa nimeugusa tena ulipokuwa umenywea. Dawa ilikuwa inafanya kazi. Nani angekuwa na moyo wa kwenda kuikatisha?

"Wakiisimamisha, uvimbe ukarudi?" aliuliza wifi, kama aliyenisoma.

"Na wakimtilia, figo zikafa?" nilimjibu. "Figo zilizosifiwa mle ndani ni zako, wifi. Dawa haiingii kwako."

Akauachia mkono wangu. Akajipangusa uso kwa kiganja, akainyoosha blauzi yake.

"Usiseme wewe," alisema. "Ni mume wangu. Nitasema mimi."

Tuliingia karibu kukimbia. Kaka alikuwa ameshawekwa sindano mkononi, chupa imetundikwa juu yake lakini mrija haujafunguliwa. Daktari alikuwa anazungumza na nesi. Wifi alisimama katikati ya chumba, mikono ubavuni.

"Daktari, mkojo ule ni wa watu wawili."

Nesi ndiye aliyeelewa kwanza. Aligeukia ukutani, na mabega yake yakawa yanacheza. Daktari hakucheka. Aliketi taratibu kwenye kitanda kitupu cha jirani.

"Mama, ulitia mwingi?"

"Kila nilipokwenda. Tangu mchana."

"Na usiku?"

"Na usiku. Nilikunywa maji mengi makusudi."

Nesi akatoka nje kabisa. Daktari alinyanyuka, akaishusha ile chupa kwa mikono yake mwenyewe, akaiweka mezani. Mimi nilikuwa naiangalia chupa ile kama mtu anayeangalia basi lake likiondoka.

"Nisamehe, fundi," wifi alimwambia kaka. "Nilitaka wasikukatishe."

Kaka alikuwa anaangalia dari. Kwa ile sauti yake ya kukwaruza alisema, "Nilijua."

Sote tukamgeukia.

"Asubuhi ile nilipolinyanyua nilijua. Mtu anakijua alichokitoa. Lakini daktari aliposema figo zangu ni za kijana..." Akameza mate, na kumeza kwenyewe kulikuwa kazi. "Nilitaka iwe kweli."

Kisha akaunyoosha mkono usio na sindano, vidole mbele, ili daktari auone. Ulikuwa unatetemeka vibaya.

"Na huu uko hivi tangu dripu ya pili. Vidole vinachomachoma, miguu inakaza, silali. Uliponiuliza nikasema niko sawa."

"Na mimi nikawa nakata nguo badala yake," alisema wifi, "ili watu wasijue."

Daktari alimwangalia mmoja, akamwangalia mwingine, akanifikia na mimi. Nikaangalia pembeni, maana na mimi nilikuwa nimeona na nimenyamaza.

"Kumbe wote mlikuwa mnanifichia mgonjwa wangu," alisema. Hakuwa na ukali. Alikaa tena, karibu na miguu ya kaka. "Nisikilizeni. Dawa ile si ya pekee. Ipo nyingine isiyozionea figo namna hii. Siwaahidi kwamba itaupiga uvimbe sawasawa na ile ya kwanza, kwa sababu sijui. Lakini nitachaguaje kama sijui figo ninazozichagulia ni za nani?"

Tukapewa dumu jingine. Safari hii wifi alihamia choo cha jirani tangu asubuhi mpaka asubuhi, alisema hajiamini. Jirani alituuliza kama bomba letu limeziba, nikamwambia ndiyo, limeziba vibaya sana. Mimi niliwekwa mlinzi wa mlango wa bafu. Kaka aliingia na kutoka peke yake, ameshika ukuta, na wifi alimwona akiushika na hakuinuka. Alikuwa amekaa kwenye cherehani anashona mstari ulionyooka kwenye kipande cha kitambaa kibovu, akifika mwisho anaanza mwingine.

Majibu yalipotoka hatukuhitaji kuelezwa sana. Figo zilikuwa zimebaki na nguvu isiyofika nusu, na magnesiamu ilikuwa inavuja kama kaka mwenyewe alivyosema. Daktari alituambia bila kuzungushazungusha kwamba kiwango cha siku ile kingeweza kuzimaliza. Ile dawa kali ikaishia hapo kwa kaka. Angeanza hiyo nyingine, na kabla ya yote angerudishiwa madini, zinki kwa vidonge, magnesiamu kwa dripu ya polepole ambayo haikubali kuharakishwa.

Siku ya dripu hiyo nilikuwepo. Chumba kilikuwa na vitanda vitatu na kaka alikuwa kwenye kile cha dirishani. Wifi alikunja shuka, akalikunjua. Alichunguza pindo la pazia, akaniambia limeshonwa na mtu mwenye haraka. Alimwuliza nesi kama tone linaanguka sawasawa, kama mto utolewe, kama anaweza kuishikilia chupa. Nesi, ambaye sasa alikuwa anatujua vizuri mno, alimwambia, "Mama, hii si kazi yako. Mwache tu aipokee."

"Fundi," kaka aliita. "Kaa."

"Nimekaa."

"Umesimama."

Wifi akavuta kiti akakaa. Mikono akaiweka mapajani, haina uzi, haina kitambaa, na ilionekana haijui la kufanya. Nje walikuwa wanafagia ua. Mgonjwa wa kitanda cha katikati alikuwa anakoroma. Kaka aliangalia matone kwa muda mrefu, mpaka nikadhani anasinzia.

"Naogopa," alisema.

Sikuwa nimewahi kulisikia neno hilo kinywani mwa kaka yangu. Hakulisema tulipomzika baba, wala siku tuliyoambiwa saratani. Nikamwangalia wifi, nikisubiri afanye kama anavyofanya siku zote, achukue pale mumewe alipoishia, amwambie dawa mpya ni nzuri, figo zitapona, mkono utatulia, Mungu yupo. Nilimwona anafungua mdomo. Niliyaona maneno yote hayo yanakuja usoni mwake.

Akaufunga mdomo. Akainama mbele, paji la uso karibu na mkono wa kaka.

"Na mimi naogopa," alisema. "Naogopa sana, fundi."

Kaka alishusha pumzi ndefu, na mabega yake yakalegea kwenye mto.

"Afadhali," alisema. "Nilidhani niko peke yangu."